Baba Mwislamu, mama Mkatoliki, mtoto je? Mwongozo wa kulea watoto katika ndoa ya dini mbili

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ameshajaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba zetu za simu. Akafika kwenye mstari ulioandikwa "Dini", akainua macho. Mimi nikasema, "Mwislamu." Mke wangu, wakati uleule, akasema, "Mkatoliki." Mwalimu akacheka, akamgeukia binti yetu: "Haya mama, wewe dini gani?" Mtoto akanitazama, akamtazama mama yake, kisha akaanza kuchunguza viatu vyake vipya.

Serikali yetu ya Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu ile ya 1967. Shule inauliza. Zahanati huuliza, wenye nyumba za kupanga huuliza kwa kuzunguka, na watoto wa jirani huuliza bila kuzunguka. Sisi kwa miaka sita tulikuwa na jibu moja kwa wote: "Atajichagulia akikua." Ni jibu la kiungwana, na watu hulipenda kwa sababu linanyamazisha wakwe. Ila halimsaidii mtoto wa miaka sita aliyesimama mbele ya meza ya mwalimu.

Haya ni tuliyojifunza baada ya siku ile, pamoja na yale tuliyopaswa kuyajua kabla ya kuoana. Mimi ni Mpare wa Usangi, ambako ukoo mmoja unaweza kuwa na sheikh na mchungaji wanaokula sahani moja msibani. Mke wangu ni Mluguru wa Matombo. Naandika kutoka kwenye nyumba ya baba Mwislamu na mama Mkatoliki kwa sababu ndiyo niijuayo. Kama yenu ni kinyume, nitaonyesha panapobadilika.

Hatua ya 1: Jueni dini zenu zinadai nini, kabla hamjaahidi chochote

Wachumba huzungumza mahari, ukumbi na kamati ya harusi. Dini ya watoto huachwa kama deni la dukani, litalipwa mwisho wa mwezi.

Upande wa Kiislamu, aya ya 5 ya Sura Al-Maida inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul-Kitabu, yaani Mkristo au Myahudi, bila yeye kusilimu. Watoto wao huhesabiwa Waislamu kwa kumfuata baba. Ikiwa mama ndiye Mwislamu na baba ni Mkristo, wanazuoni walio wengi hawaitambui ndoa hiyo kabisa. Hamtampata sheikh wa kuwaozesha, na huenda walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, naye asionekane. Msijidanganye kwamba mtaa utakuwa mwepesi sawasawa kwa pande zote mbili.

Upande wa Kanisa Katoliki, ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa haifungwi kanisani bila kibali cha askofu, ambacho mapadre hukiita dispensasheni. Kwa mujibu wa Kanuni ya 1125 ya sheria za Kanisa hilo, Mkatoliki anaahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wengi hawaijui sehemu inayofuata: mwenzake haahidi hivyo. Yeye anaarifiwa tu kwamba ahadi hiyo imetolewa na inamaanisha nini. Kwa hiyo Mwislamu akiwekewa karatasi mbele yake na kuambiwa "weka sahihi hapa", aisome, aulize kwa upole. Walutheri nao wana utaratibu wao, na katika sharika nyingi anayefunga ndoa nje ya kanisa huwekwa kando na Meza ya Bwana mpaka arudi kundini.

Hapo hesabu inagoma: mtoto ni mmoja, ahadi ni mbili. Kosa baya kuliko yote ni kila mmoja kwenda kwao kimyakimya na kuahidi. Mume anamwambia baba yake, "Watoto ni wetu, usiwe na shaka." Mke anamwambia paroko hivyohivyo. Mwaka mmoja baadaye kuna mtoto mchanga kitandani na wazazi wawili walioshika hati mbili za kiwanja kimoja.

Mkiona hamuwezi kutoa ahadi kwa dini yoyote, ndoa ya bomani ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua sawa na ya kanisani au ya msikitini, na mnatakiwa kutoa taarifa ya kusudio siku 21 kabla. Sisi tulipita njia hiyo. Faida yake ni kwamba hakuna aliyeapa juu ya watoto ambao hawajazaliwa. Gharama yake ameilipa mke wangu: huenda misa kila Jumapili na hakomuniki, yaani hapokei komunyo, kwa kuwa mbele ya kanisa lake hajaolewa. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu nikitafuta namna ya kuilainisha. Sijaipata.

Kabla ya kwenda popote, kaeni kila mtu na karatasi yake, mjibu maswali haya bila kuchunguliana:

- Mtoto akizaliwa kesho, nani atampa jina?
- Akika, yaani kumchinjia mtoto mchanga, itafanyika? Ubatizo je?
- Atafunga Ramadhani? Atakwenda mafundisho ya komunyo?
- Nani atampeleka, siku zipi, na nauli itatoka wapi?
- Mungu aepushe, akifariki akiwa mdogo, atazikwa kwa taratibu zipi?

Swali la mwisho ndilo kipimo. Kama mmeliruka, hamjazungumza bado.

Hatua ya 2: Mpeni mtoto makao mamoja na njia iliyo wazi kwenda kwa jirani

Nimeona mipango minne katika familia za namna yetu.

Wa kwanza ni kugawana: wavulana kwa baba, wasichana kwa mama. Unaonekana wa haki, na wazee huupenda kwa kuwa unafanana na kugawa ng'ombe. Mimi naukataa. Unawafanya kaka na dada kuwa timu mbili, na siku wazazi wakigombana nyumba inakuwa na kambi zilizokwishapangwa. Wa pili ni kutofundisha chochote hadi mtoto awe mkubwa. Katika nchi ambayo hata kikao cha mtaa hufunguliwa kwa dua, mtoto huyu hafundishwi na wazazi wake. Anafundishwa na dada wa kazi, mwalimu na simu. Wa tatu ni dini zote mbili kwa uzito uleule: madrasa Jumamosi, kanisa Jumapili. Wapo walioweza. Lakini dini hizi mbili hazikubaliani katika jambo la msingi, Yesu ni nani, na mtoto wa miaka saba hawezi kuubeba mvutano ambao maulamaa na maaskofu hawajaumaliza.

Tulioufuata sisi ni wa nne: dini moja ya kuitekeleza kwa watoto wote, na dini ya mzazi wa pili ifundishwe waziwazi, kwa heshima, kama urithi wa familia. Mtoto awe na makao. Kwa jirani aende mchana, kwa mlango wa mbele.

Ipi iwe ya kutekeleza? Hapa mila zitawavuruga kuliko misahafu. Kwetu Upareni mtoto ni wa baba. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na wajomba wa mke wangu walishangaa kusikia naulizwa mimi. Basi suala la "watoto ni wa nani" likawa halina jibu hata kabla ya kufika kwenye dini.

Ushauri wangu ni kuuliza swali lingine: nani ataifanya kazi? Dini ya mtoto hujengwa na anayeamka naye, anayemkumbusha bismillahi au ishara ya msalaba kabla ya chai, anayejua mwalimu wake anaitwa nani. Tulipochagua Uislamu, sababu zilikuwa mbili: madrasa ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi nilisema nitasimamia. Madrasa ilikuwepo kweli. Mimi nilikuwa dereva wa lori la Tunduma, nyumbani siku nane kwa mwezi.

Unajua kilichotokea. Mke wangu, Mkatoliki aliyekubali kwa uchungu, ndiye aliyepiga pasi kanzu na mitandio, ndiye aliyelipa ada ya ustadh, ndiye aliyekuwa akimsikiliza binti yetu akirudia sura ya Alhamdu na kumsahihisha kwa kufuata herufi za Kiswahili nyuma ya kitabu. Siku moja nilimkuta, nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka. Aliniambia, "Mimi nimekuachia watoto. Angalau kazi yake ifanye wewe." Nilichukua ruti za Morogoro zilizolipa kidogo. Kwa hiyo kanuni tuliyoiweka, na ningeiandika juu ya mlango wa kila nyumba kama yetu, ni hii: mzazi ambaye dini yake imechaguliwa ndiye anayebeba mzigo wake wote, pamoja na fedha, usafiri na kuamka usiku wa daku.

Hatua ya 3: Siku arobaini za kwanza

Msipoamua nyinyi, bibi ataamua mkiwa mmelala. Nasema kwa upendo. Bibi wana nia njema na mikono mepesi. Yupo atakayemwadhinia mtoto sikioni kabla hamjatoka hospitali, na yupo atakayemwekea maji kichwani akiogopa mtoto asife bila ubatizo. Ongeeni nao mimba ikiwa ya miezi saba, kila mzazi na mama yake mwenyewe. Mkwe hasemi na mkwe katika hili.

Jueni pia mipaka. Kanisa Katoliki halimbatizi mtoto kihalali bila ridhaa ya angalau mzazi mmoja, isipokuwa yuko katika hatari ya kufa. Bibi hawezi kumbeba tu mpaka parokiani. Na akika, ambayo sunna yake ni siku ya saba, mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, haimzuii Mkristo kuja kula. Sisi akika tuliifanya nyumbani kwa kualika pande zote, na mjomba wa Matombo ndiye aliyeshika kisu cha vitunguu. Kwa kuchinja, aliachiwa mwenye kazi yake.

Majina ni mahali pa kupumua. Yapo yanayosimama pande zote mbili bila kusukumwa: Mariamu, Yusufu, Ibrahimu, Musa, Daudi, Zakaria, Hana. Yapo ya Kiswahili kama Amani, Baraka, Zawadi na Furaha. Muwe macho tu kwamba masikio ya watu yameshagawa mengine: ukimwita mtoto Upendo au Tumaini, wengi watamdhania Mkristo, hata maana ya neno iwe ya wote. Kumpa majina mawili, moja la kila upande, si dhambi, ila amueni lipi litaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Cheti ndicho kitakachomfuata shuleni, kwenye mitihani na kwenye pasipoti.

Tohara kwa wavulana haitawasumbua sana, kwani kwetu wengi hutahiri, Mkristo na Mwislamu. Kubalianeni tu ni hospitali.

Hatua ya 4: Jikoni, Ramadhani na Krismasi

Watu huogopa mijadala ya Utatu Mtakatifu. Ndoa huvunjikia kwenye sufuria. Mnakumbuka mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika hadi kumwaga damu ya binadamu. Nyama si jambo dogo.

Nyumbani kwetu: nyama yote ni ya bucha inayochinjwa Kiislamu, na kitimoto hakiingii kwenye sufuria zetu. Mke wangu akiitamani huila kwa dada yake, na watoto wanajua hivyo. Hatuifanyi siri ya aibu. Kwenu inaweza kuwa tofauti, mradi mtoto asikute sheria moja mama akiwepo na nyingine baba akiwepo.

Kwa sikukuu, tumetofautisha mambo mawili: kuwa mgeni na kuwa muumini. Krismasi tunakwenda Matombo. Watoto wanavaa nguo mpya, wanakula pilau ya bibi, wanakaa naye kwenye benchi la kanisa wakitaka. Hawakomuniki, hawapigi ishara ya msalaba, na hakuna anayewalazimisha wala kuwacheka. Siku ya Idd ndugu wa mama huja kwetu kwa namna ileile. Wapo masheikh wanaokataza Mwislamu kuingia katika sikukuu za wengine hata kwa ugeni, na wapo wachungaji wenye msimamo huohuo kutoka upande wa pili. Mjue mwalimu wa mtoto wenu ana msimamo gani, ili mtoto asirudi Januari akakuta anasemwa mbele ya wenzake.

Kalenda itawasaidia na itawachosha. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo huzunguka misimu yote. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza papo hapo. Nyumba yetu ilikuwa na mfungo wa Kwaresima na wa Ramadhani kwa pamoja, na futari ikawa haina ubishi kwa kuwa hata mama alikuwa na mambo yake aliyojinyima. Mwaka 2030 itakuja Ramadhani mara mbili, Januari na mwishoni mwa Desemba, ile ya pili ikiingia mara tu baada ya Krismasi. Anza kuyapanga mapema ya kwenda kwa bibi.

Jambo la salamu. "Assalaam aleikum" ina wenyewe na "Tumsifu Yesu Kristo" ina wenyewe, na mtoto hujikanyaga akikutana na bibi wawili mlango mmoja. Tuliwafundisha kwamba kwa bibi yeyote, kwanza ni shikamoo. Shikamoo haijawahi kumkosea mtu.

Hatua ya 5: Maswali yatakayokuja, na ya kujibu

Kati ya miaka mitatu na sita mtoto haulizi itikadi. Anauliza vitu: mbona baba anainama, mbona mama ana shanga zenye msalaba. Kiswahili kimetusaidia hapa, maana kina maneno mawili tayari: baba anaswali, mama anasali. Mtoto wa miaka minne anaikamata tofauti ya herufi ile moja na kuifurahia. Msimpe zaidi ya hapo.

Kuanzia miaka saba maswali yanapata meno. Binti yetu alipokuwa na miaka minane alirudi kutoka madrasa akamkuta mama yake anakuna nazi. Akasema, "Mama, wenzangu wamesema wewe utaingia motoni. Ni kweli?" Mke wangu akaendelea kukuna nazi, akamwambia, "Muulize baba yako akija." Baba yake alikuwa safarini. Swali lile lilikaa ndani ya nyumba siku nne kama mgeni asiyeaga, na kwa siku hizo nne binti hakulala bila kumshika mama yake mkono.

Swali la namna hii lijibiwe siku hiyohiyo, hata kwa simu, na lijibiwe na mzazi ambaye dini yake ndiyo imetajwa. Yule anayeambiwa wa motoni hawezi kujitetea mbele ya mwanawe bila kuonekana anaitukana madrasa. Mimi niliporudi nilisema hivi, na sijabadilisha hadi leo:

"Anayehukumu watu ni Mwenyezi Mungu, na hajanipa daftari lake. Tulichoagizwa mimi na wewe tunakijua. Tumfanyie mama wema."

Kisha nikamsimulia habari ya Asmaa binti Abubakar, ambaye mama yake hakuwa Mwislamu. Mama huyo alikuja kumtembelea, Asmaa akamuuliza Mtume kama aunge naye udugu, naye akamwambia amuunge mama yake. Hadithi hiyo imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Mtoto alitaka kujua mama yake Asmaa alileta zawadi gani. Hapo nikajua amepona.

Hatua iliyobaki ni kumwona ustadh. Usiende umekasirika, na usiende siku ya Ijumaa ana watu. Mimi nilikwenda asubuhi, nikamweleza kwamba mama wa mtoto ni Mkristo na ndiye anayemleta darasani, nikamwomba afundishe aya ya 14 na ya 15 za Sura Luqman, zinazoamuru kuwatendea wazazi wema hata wanapokuwa wanakuvuta kwenye jambo la dini usilolikubali. Alishangaa kidogo kuzisikia kutoka kwa dereva. Wiki iliyofuata alizisomesha. Mwalimu asipokuelewa, badilisha madrasa. Zipo nyingi, na mtoto ni wako.

Kwa upande wa kanisa mambo ni yaleyale. Bibi wa Matombo alikuwa akiwachora watoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso wakishalala. Mke wangu aliongea na mama yake mwenyewe: bibi aombe anavyojua, kwa sauti, mbele yetu, watoto wakiwa macho. Kilichokuwa kinaharibu ni giza. Katekista akimwambia mtoto wa baba Mwislamu kwamba baba yake anaabudu kitu kingine, mkumbusheni kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la 1965, uliwataja Waislamu kwa heshima, watu wanaomwabudu Mungu mmoja.

Swali la Yesu litafika, kwa kawaida karibu na Pasaka. Msilizungushe. "Waislamu tunaamini Nabii Isa ni mtume mkubwa, mwana wa Mariamu, na hakusulubiwa. Mama na Wakristo wanaamini Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa na akafufuka. Ni imani mbili tofauti. Sisi tunafuata ya kwanza, na mama anafuata ya pili." Mzazi mwenzake awepo wakati jibu linatolewa, na aitikie kwa kichwa. Ile "zote ni sawa tu, Mungu mmoja" huwafurahisha wageni. Mtoto anayesoma ataona upesi kwamba mlikuwa mnamfunika macho.

Hatua ya 6: Shule

Jibu la mstari wa "Dini" liwe moja, na mtoto alijue kabla ya kufika. Kipindi cha dini kinapowagawanya wanafunzi, asibaki dirishani hajui aende chumba gani. Mwambieni mwalimu wa darasa mapema kwamba mzazi mmoja ni wa dini nyingine, ili siku mzazi huyo akija kikaoni na rozari au hijabu pasiwe na minong'ono.

Shule za bweni zinahitaji macho mawili. Nyingi zenye ufaulu mzuri ni za taasisi za dini, na jina la "seminari" kwetu hutumiwa na Wakristo na Waislamu. Ulizeni maswali matatu kabla ya kulipa: ibada ni lazima kwa wote? Anayefunga hupewa daku? Mavazi yana masharti gani? Majibu yaandikwe.

Hatua ya 7: Mirathi na mazishi, mkiwa wazima

Hapa ndipo wengi huachia wajane wao matatizo. Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Kuna za kimila, kuna ya Kiislamu, na kuna ile ya kiserikali iliyotokana na sheria ya India ya 1865. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani. Mume Mwislamu akifa bila maandalizi na mirathi yake ikagawanywa Kiislamu, hadithi inasema Mwislamu harithi kwa asiye Mwislamu wala asiye Mwislamu kwa Mwislamu. Mke Mkristo aliyeishi naye miaka 30 anaweza kuambiwa hana fungu. Watoto Waislamu nao wanaweza kuambiwa hawana fungu kwa mama yao.

Dawa zipo ndani ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, yenyewe. Wasia unaruhusiwa hadi theluthi moja ya mali kwa mtu asiye mrithi, na kwa kuwa mke huyu hahesabiwi mrithi, anaweza kuusiwa. Hiba, yaani zawadi unayoikabidhi ukiwa hai, haina ukomo huo wa theluthi, mradi iwe imekabidhiwa kweli. Na nyumba iandikwe majina mawili tangu kununuliwa. Mimi na mke wangu tulimlipa wakili mara moja. Ilikuwa chini ya bei ya matairi mawili ya lori. Mkiwa Kenya, jueni kwamba Mahakama za Kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, hushughulikia mambo hayo pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na wamekubali mamlaka yake.

Ndoa ikivunjika, dini si tiketi ya kumchukua mtoto. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatazama ustawi wa mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba dhana ya kuanzia ni kwamba akae na mama, ingawa inaweza kupingwa.

Mazishi: kila mmoja aandike kwa mkono wake anataka azikwe wapi na kwa ibada gani, asaini mbele ya ndugu mmoja wa kila upande. Mmeshaona maiti ikibaki mochwari huku shehe na mchungaji wakisubiriana nje. Walioumia zaidi siku ile walikuwa watoto, kwa sababu waliulizwa waseme.

Hatua ya 8: Mtoto akichagua tofauti

Inaweza kutokea akiwa na miaka 15, au 22 akiwa chuoni, au siku ya posa. Mtoto mliyemlea Mwislamu anasema anataka kubatizwa, au aliyepata kipaimara anasema anasilimu. Kwa mzazi ambaye dini yake ndiyo inaachwa, ni msiba; msimwambie asilie. Kwa yule wa pili kuna jaribu la kufurahi kwa siri. Asilifiche kwa mwenzake, maana litaonekana tu.

Fanyeni mambo kwa mpangilio. Kwanza mtoto asikilizwe na nyinyi wawili mkiwa chumba kimoja, aeleze kimemvuta nini. Mara nyingine ni imani, mara nyingine ni mchumba, na hayo hujibiwa tofauti. Pili mwombeni muda, miezi sita ni mizuri, asome kwa mwalimu mwenye elimu wa kila upande. Tatu, hakuna kukata ada, kufukuza nyumbani wala kumnyang'anya jina. Nne, msimtumie mtoto kama ushahidi kwenye magomvi yenu ya zamani: "unaona, nilikwambia tangu mwanzo."

Kisha kuna bibi. Habari hii asiipate kwa simu wala kutoka kwa jirani. Aambiwe ana kwa ana na mtoto wake mwenyewe, mchana, akiwa ameshakula, na mjukuu awe nje karibu ili akiitwa aingie na shikamoo yake.